Shukrani za Mama Mdogo

Mama mdogo wangu hajui kupokea kitu akanyamaza. Ukimpa kikombe cha sukari atakishika kwa mikono miwili, atakutaja jina lako na la baba yako, halafu atamwita jirani aje aone kwamba umempa sukari. Ndivyo walivyolelewa yeye na mama yangu huko Taita, na ndivyo nilivyolelewa mimi. Nilipofanyiwa harambee ya kuja kusoma Durban, hema lilipigwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, mshereheshaji akashika kipaza sauti, na kila aliyetoa akatajwa: jina lake, kiasi alichotoa, anatoka wapi, ni mkwe wa nani. Bibi mmoja alileta kuku. Kuku akanadiwa, akanunuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena, na kila alipopanda bei yule bibi alitajwa upya, naye akawa anainuka kidogo kwenye kiti chake na kukaa. Kwetu ukitoa usipotajwa, umedharauliwa. Ukipokea usipotaja, ni kama umeiba.

Naeleza haya mapema kwa sababu watu wa kamati ya michezo ya wanafunzi waliponiuliza kwa nini mama mdogo alisimama kanisani na kutangaza yale aliyotangaza, nilitafuta Kiingereza cha kueleza nikakikosa. Nikasema anapenda kuongea. Masikini mama mdogo, si mtu wa maneno hata kidogo. Saluni yake nzima inaweza kupiga umbea kutwa na yeye yumo katikati anasuka, hajachangia.

Nilikuja Durban kusoma fiziotherapia, tiba ya viungo, na nilikuja kwa miguu yangu, kama baba mdogo, mume wa mama mdogo, alivyopenda kunitania. Chuo kilinilipia karo kwa sharti moja, kwamba niwe kwenye timu ya wanawake ya mbio za nyika. Nikitoka kwenye timu, ufadhili unaondoka, na ufadhili ukiondoka, viza ya masomo nayo inaondoka, na mimi narudi Taita bila cheti, kwa watu walionadi kuku. Hakukuwa na njia ya pembeni. Kila asubuhi nilipofunga kamba za viatu nililijua hilo, na baada ya muda nikaacha kuogopa, kama mtu anayeishi karibu na reli anavyoacha kusikia treni.

Wenzangu wa timu walidhani kila Mkenya huzaliwa akikimbia. Nyumbani nilikuwa mtu wa tatu, wa nne, na mwalimu wa michezo alinichukua tu kwa sababu sikuwa mlalamishi. Durban nikawa wa kwanza. Sikujivuna. Nilijua ni bahati ya mahali.

Nilipanga chumba cha uani Sydenham. Mama mdogo na mumewe walikaa Queensburgh, lakini kutwa walikuwa mjini, ambako walikodi duka moja wakaligawa kwa ubao. Mbele mama mdogo anasuka nywele, nyuma baba mdogo anatengeneza simu. Baba mdogo ni Mkongomani wa Bukavu, mtu mpole mwenye kucheka na mabega. Kanisani, katika ukumbi ulio juu ya duka la fanicha, yeye ndiye aliyekuwa fundi wa matangazo. Kila Jumapili alisimamisha simu kwenye vyuma vyake na kurusha ibada moja kwa moja, ili ndugu wa Bukavu, wa Uvira, wa Nairobi na wa Taita waone tunavyosali. Ikumbukeni hiyo simu.

Mwaka wangu wa pili ikaja kampuni ya viatu. Walitaka picha ya timu yetu. Kocha akatuambia mambo yamebadilika, siku hizi mwanafunzi mwanamichezo anaruhusiwa kulipwa kwa sura yake na jina lake, naye ale jasho lake. Wenzangu wakasaini mikataba. Mmoja akamwezekea mama yake nyumba kule Eshowe, na alipotuonyesha picha ya mabati sote tulifurahi. Mimi ofisi ya chuo iliniambia nisisaini. Viza yangu ni ya kusoma, si ya kufanya kazi, na kuuza sura kumbe ni kazi. Ila kwenye picha nilibaki, tena katikati, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kasi. Bango likabandikwa kwenye ukuta karibu na taa za barabarani, robot kama wasemavyo hapa, njia ya kutoka Sydenham kwenda mjini. Teksi ikisimama kwenye taa nyekundu, nami nimo ndani, nilijitazama nikicheka. Nilipewa viatu jozi moja, na vilinibana.

Nilikasirika wiki ya kwanza. Baadaye nikazoea.

Nadhani kocha alinionea huruma, au aliogopa nitahama. Akaniambia, "Kuna mzee mmoja." Nilikuwa nimemwona. Kila tulipokimbia alikuja na kiti cha kukunja, akakiweka kwenye kona ambako watu huchoka, akakaa kimya mikono magotini. Alikuwa na duka la matairi mjini, mitaa miwili kutoka saluni. Mwanamume wa umri wake, hasa Mhindi wa Durban kama yeye, huitwa anko, basi nami nikamwita anko. Ujanani alikuwa mkimbiaji, na chuo chetu wakati ule hakikupokea watu wa rangi yake. Aliniambia hilo mara moja tu, huku akiangalia viatu vyangu na kusema vimeisha upande wa nje. Hatukulizungumza tena.

Anko alikuwa akisaidia wanariadha. Watu wa namna yake wapo kila chuo, wenye biashara zao wanaopenda timu kuliko wenye timu. Kwa wanafunzi wa hapa msaada wake ulipita ofisini, ukaandikwa, ukawa halali. Wangu usingeweza kupita ofisini, kwa sababu ya viza. Ungekataliwa, na ningebaki na viatu vinavyobana na kodi ya Sydenham. Kwa hiyo kocha alisema utapita kimya kimya. Ukijulikana, alisema, natolewa kwenye timu, na yeye hatakuwa na la kunisaidia.

Basi mwisho wa mwezi anko aliingia saluni, mwanamume peke yake kati ya wanawake wenye vichwa nusu, akaweka bahasha chini ya sinia la vitana, akasema, "Ya binti," akatoka. Kiasi chenyewe sitakitaja hapa. Kilishatajwa vya kutosha. Kilitosha kodi na chakula, na mimi nikakimbia nikiwa nimeshiba, jambo ambalo wasiokimbia na njaa hawalijui uzuri wake.

Mama mdogo aliteseka. Sikuona wakati ule, nimeona baadaye. Alimkaribisha kiti, anko akakataa. Akampikia chai ya maziwa yenye tangawizi, anko akasema ana mteja anamngoja. Akamkatia mahamri akayafunga kwenye karatasi, anko akashukuru, akayaacha mezani.

"Mtu analeta hela, hata chai hanywi," mama mdogo aliniambia. "Sasa nimrudishie nini?"

"Usimrudishie kitu. Nyamaza tu, mama mdogo. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani mimi?" akasema, na kweli hakuwa na wa kumwambia.

Jumapili ile ilikuwa baada ya mbio za kufuzu. Tulikuwa tumefuzu kwenda mashindano ya vyuo vya nchi nzima, na mimi nilimaliza mbele. Nilikaa viti vya nyuma kanisani, nimevua viatu, miguu imevimba. Wakati wa ushuhuda mama mdogo akainuka. Alivaa kitenge chake cha njano kilichoshonwa na kilemba chake. Nikadhani ataniombea dua, nikainamisha kichwa.

Alisema Bwana asifiwe, tukajibu. Alisema Mungu ametenda. Halafu akamtaja anko. Alimtaja jina lake na la ukoo, akataja duka, akataja mtaa, akaeleza rangi ya mlango. Akataja kiasi, kila mwezi, tangu mwezi gani. Akasema huyu si wa kabila letu, si wa dini yetu, chai yetu hajanywa, lakini mtoto wetu anakula kwa mkono wake, na hamtasema mimi nilikula nikanyamaza. Akaomba makofi ya kilo. Kanisa lote likapiga. Akina mama wa Kikongo wakapiga vigelegele. Baba mdogo akaigeuza simu polepole mpaka ikanielekea, ili walio nyumbani wamwone mkimbiaji mwenyewe.

Nilitabasamu. Video ipo, natabasamu. Ndani nilikuwa nimekufa ganzi, kuanzia miguuni ambako ilikuwa haki yake, ikapanda, ikafika mdomoni. Nilitazama ile taa nyekundu ndogo ya simu na kuwaza kwamba sijamaliza kusomea mfupa wa bega.

Ngazini nikamshika mkono. "Mama mdogo, si nilikwambia usimwambie mtu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa nguo. "Sikumwambia mtu. Nimemwambia Mungu."

"Na kipaza sauti?"

"Mungu hana haja ya kipaza sauti. Ni wale wa nyuma hawasikii."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuvunja ahadi. Kwake yeye kuwaambia watu ni jambo moja na kushukuru ni jambo lingine kabisa, na hata siku moja hakuwaza kwamba ningemkataza la pili. Nani angekataza? Sikugombana naye. Tulienda Queensburgh tukala ugali na sombe ya majani ya muhogo, na baba mdogo akaifuta ile video nilipomwambia. Lakini ilikuwa imeshafika. Mama yangu alikuwa ameipeleka kwa kila mtu aliyemjua. Wakenya wa chuoni waliirusha kwenye kundi lao wakinipongeza. Kati ya walionipongeza kulikuwa na mmoja mwenye rafiki kwenye timu tuliyoishinda, na kwa njia hiyo video ikafika kwa kamati.

Siku chache baadaye kocha alipiga simu. Hakufoka. Aliniambia nisije mazoezini mpaka nitakapoitwa na kamati, na nisiongee na anko. Nikasema sawa. Nilikuwa kwenye foleni ya mkate na niliendelea kusimama kwenye foleni.

Niliyekatazwa kuongea naye akaja mwenyewe. Nilikuwa nimekaa saluni kwenye kiti cha kuoshea nywele, sina pa kwenda saa za mazoezi, anko akaingia. Mama mdogo akamwekea kiti, na siku hiyo akakaa. Akaletewa chai, akanywa. Mama mdogo alimtazama anavyokunywa kama mtu aliyelipa deni la miaka, na nikamwonea huruma, maana nilijua hakuja kwa ajili ya chai.

Anko alizungumza Kiingereza chake cha taratibu. Alisema kamati haina ushahidi mwingine ila ile video. Hakuna karatasi, hakuna benki. Mama akisema alichanganya mambo, kwamba fedha zilikuwa za mumewe, na yeye akisema hakuwahi kutoa, mambo yamekwisha, binti anakimbia, binti anasoma.

Mama mdogo alikuwa anasuka mteja. Vidole havikusimama. "Yaani niseme hukutoa?"

"Ndiyo, mama."

"Nilisema mbele ya madhabahu."

"Najua."

"Wewe mtu mzima unaniomba nikunyang'anye shukrani yako?"

"Mimi sikuiomba tangu mwanzo," anko akasema, kwa upole, na ndiyo ilikuwa kweli.

Nyuma ya ubao baba mdogo alizima kipuliza moto anachoyeyushia risasi ya kulehemia simu. Akatoka akifuta mikono. "Franchement," akasema, yaani kwa kweli, "iko neno moja tu hapa. Mutoto asome." Kisha akarudi kwenye simu zake.

Walinitazama wote. Nisingeweza kumwomba mama mdogo aseme uongo mbele za Mungu, na nisingeweza kumwomba asiseme. Nilikuwa nimechoka sana, nataka mtu yeyote aamue, hata kama ataamua vibaya. Mama mdogo alisuka mpaka mwisho wa msuko, akafunga uzi, akakata. Akasema, "Chai ipo nyingine." Anko akasema inatosha.

Chumba cha kamati kilikuwa na baridi ya mashine na sahani ya biskuti ambazo hakuna aliyezigusa. Walikuwa watu watatu, na mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, mwenye sura ya mtu ambaye hapendi kazi hii. Mama mdogo hakuvaa kitenge. Alivaa sketi yake nyeusi ya misibani. Wakacheza video. Ikasikika sauti yake ikijaza chumba, kwa Kiswahili, na tafsiri ikipita kwenye karatasi mbele yao. Yalipofika makofi, mwenyekiti akapunguza sauti.

Sikujua atasema nini. Hakuniambia njiani, nami sikumuuliza. Tulikuja na teksi moja tumekaa tumegusana mabega, tukapita chini ya bango langu.

"Yule mzee hakutoa kitu," mama mdogo akasema kwa Kiingereza cha saluni. "Ni mteja anayepita tu. Pesa ni za mume wangu. Nilichanganya."

Mwenyekiti akauliza mtu anachanganyaje jina, duka, mtaa na rangi ya mlango.

Mama mdogo akatazama zile biskuti. "Nilitaka watu wajue mtoto wangu anapendwa," akasema.

Walituomba tutoke. Tulipoitwa tena, mwenyekiti alisema watalipokea neno lake, kwa kuwa yule bwana naye amekana. Ila, kwa kuwa maneno ya kwanza yalisemwa hadharani, na ya pili yasemwe hadharani, pale pale, na rekodi iletwe ofisini. Alidhani anatoa adhabu ndogo. Alitabasamu hata. Mama mdogo akasema asante.

Jumapili hiyo nilikaa viti vya mbele, maana niliona ndiyo heshima iliyobaki. Baba mdogo alisimamisha simu. Hata leo ukiitazama rekodi, mwanzo wake picha inaruka. Mama mdogo akapanda, akashika kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza hakusema Bwana asifiwe.

"Wapendwa, siku ile nilisimama hapa nikasema kuna mzee anatusaidia. Nilikosea. Yule mzee hakutupa kitu. Msimtaje tena kwa maneno yangu."

Basi. Akashuka. Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa hakuna mahali pa kupiga. Mchungaji akasema amina, na mpiga kinanda akaanza wimbo usio wa wakati huo.

Ningesema kanisa lilimtenga, ningekuwa nadanganya. Walimsalimia kama kawaida. Lakini baada ya ibada, kwenye chai, nilimsikia mama mmoja wa Kikongo akimwambia mwenzake, "Mwenye kuzulia mutu wema, atashindwa kuzulia mutu ubaya?" Na mwenzake akasema, eh. Mama mdogo alikuwa ameshika uongozi wa akina mama tangu kanisa lilipokuwa watu wachache sebuleni kwao. Mwezi uliofuata wakamchagua mwingine, kwa upole, na yeye mama mdogo wakamshonea sare ya kumshukuru. Aliipokea kwa mikono miwili. Alisema asante, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba, akakaa.

Mimi nikarudi kwenye timu. Nilikimbia mashindano ya nchi, nikapata medali, na kwenye picha niko na wenzangu tumekumbatiana. Nakumbuka nilitazama ile kona na hapakuwa na kiti. Kocha alisema ni afadhali hivyo. Watu huniuliza nilijisikiaje siku ile, na najibu nilifurahi sana. Sikujisikia lolote. Nilikuwa na kiu.

Bahasha hazikuja tena, zingekujaje. Kodi ya Sydenham ikawa juu ya mama mdogo. Aliongeza vichwa. Alifungua mapema, akafunga mwisho, na Jumatatu, siku yake ya kupumzika, akawasuka watu majumbani. Vidole vilimvimba nikawa namkanda, kwa vile ndiyo kazi niliyokuwa nasomea. "Si niliwaambia ni hela za nyumbani?" alisema nikimkanda. "Sasa ni kweli." Hakuwa anatania.

Nikamaliza. Sherehe ilifanyika uani kwao Queensburgh, hema la kukodi, sufuria za pilau, akina mama wa kanisa wote walikuja. Kwa desturi yetu mzazi husimama akawataja waliomfikisha mtoto. Mama yangu alikosa nauli ya ndege, kwa hiyo zamu ilikuwa ya mama mdogo. Asubuhi nilimfuata jikoni.

"Nimeshamaliza," nikamwambia. "Cheti ninacho. Hawawezi kunifanya kitu sasa. Mtaje."

Alikuwa anachambua mchele, na aliendelea kuuchambua. "Nikimtaja leo, itabidi niwaambie siku gani nilidanganya. Ile ya kwanza au ile ya pili."

"Wataelewa."

"Waelewe nini? Kwamba nilishika kipaza sauti cha kanisa nikadanganya, nikijua? Acha, mwanangu. Chumvi iko wapi?"

Lakini alikuwa amemwalika. Anko alikuja mchana, amevaa suti, na kwa kuwa viti vya hema vilijaa, alitoa kiti chake cha kukunja kwenye gari akakaa karibu na geti, mikono magotini. Nilienda kumsalimia. Alisema amefurahi, akaniuliza viatu siku hizi vinaisha upande gani. Hakuna kanisani aliyewahi kumwona uso. Walikuwa na jina lake tu, na hilo waliambiwa wasilitaje.

Mshereheshaji akamwita mama mdogo. Akasimama na kitenge chake cha njano. Akamshukuru Mungu. Akawashukuru wazazi wangu, akamshukuru mumewe, akashukuru kanisa. Aliwataja mpaka walioleta sufuria. Akafika mahali, akanyamaza, na macho yake yakaenda getini, yakakaa huko. Watu wakageuka kutazama anatazama nini. Mama mmoja wa mbele akauliza, kwa sauti ya kusikika, "Ule mzee njo nani?"

Mama mdogo akashusha kipaza sauti kidogo. "Ni jirani," akasema.

Anko hajui Kiswahili. Aliona tu hema zima limemgeukia, na mama mdogo amesimama na kipaza sauti, anamtazama. Akadhani zamu yake ya kutajwa imefika. Akainuka kidogo kwenye kile kiti chake, akaweka mkono kifuani, akatuinamia, huku na huku, amejawa na haya, kisha akakaa.

Watu wawili watatu wakampigia makofi, kwa adabu tu, kama mtu anavyompigia jirani. Hapo nililia. Sikuwa nimelia siku ya kamati, wala siku ya medali, na akina mama wakanizunguka wakidhani ni furaha ya cheti. Mama mdogo alimpa mshereheshaji kipaza sauti, akaingia jikoni, akatoka na chai ya maziwa kwenye kikombe cha wageni. Alipita kati ya viti vyote mpaka getini, akampa kwa mikono miwili, akasimama hapo mpaka alipoimaliza.